Themokapo: Volti Inazaliwa Njiani

Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, nanyi wanafunzi ambao hasa ndio nimewajia leo.

Nimeombwa nizungumzie themokapo, na nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa sijui chombo kingine cha kupimia kilichoenea kiasi hiki na kikaeleweka vibaya kiasi hiki. Kimo ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma, kwenye njia ya moshi wa injini ya ndege, kwenye boila, kwenye jiko la gesi, kwenye jokofu la maabara. Ukikitazama, ni nyaya mbili tu za metali tofauti zilizounganishwa ncha moja. Hakihitaji betri, hakina kioo cha kuvunjika wala zebaki ya kumwagika, na kinavumilia moto ambao ungeharibu karibu kila kipimajoto kingine cha kugusa. Kwa kuwa umbo lake ni rahisi hivyo, watu hukifunga, wakasoma namba, wakaiamini, wakaenda zao.

Leo nina jambo moja la kusema, na mengine yote yatatokana nalo. Ukimuuliza fundi volti ya themokapo inatoka wapi, mara nyingi atakunyooshea kidole kwenye ncha, pale nyaya mbili zilipochomelewa pamoja. Haitoki pale. Inazaliwa njiani, ndani ya waya wenyewe, katika kile kipande ambamo halijoto inashuka kutoka kwenye moto kuelekea kwenye baridi. Kazi ya ncha ni kuzikutanisha nyaya. Asiyelijua hili ataitunza ncha na kuupuuza waya, ilhali waya ndio unaopima.

Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa mji ambao leo unaitwa Tallinn, alikuwa Berlin mwaka 1821 alipofunga vipande vya metali mbili tofauti vikafanya mzunguko, akaweka dira karibu navyo, kisha akapasha moto moja ya sehemu mbili vilipoungana. Sindano ya dira ikageuka. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Hans Christian Ørsted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, lakini Seebeck aliona njia nyingine: aliamini kwamba tofauti ya joto imezifanya metali zake kuwa sumaku. Ni Ørsted aliyesema wazi kwamba kinachopita mle ni umeme. Hata hivyo namheshimu sana Seebeck, kwa sababu alikuwa na subira. Alijaribu metali na madini mengi, moja baada ya jingine, akayapanga kwa kadiri yalivyoigeuza sindano. Na tangu majaribio yake jambo la msingi lilikuwa limeonekana: maungio yote mawili yakiwa na halijoto sawa, sindano haisogei. Themokapo inajua tofauti baina ya mahali pawili, basi.

Georg Ohm aliitumia tabia hiyo kwa akili kubwa. Betri za wakati wake zilikuwa zikiyumba, na kwa volti inayopanda na kushuka huwezi kugundua kanuni yoyote. Mwaka 1826 akachukua bismuthi na shaba, ungio moja akaliweka kwenye maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Tofauti ya halijoto ikatulia, volti nayo ikatulia, na kwa chanzo hicho akaipata kanuni ambayo kila mwanafunzi wa umeme hufundishwa kwa jina lake. Nawaomba wanafunzi mlikumbuke hili: themokapo ilikuwa chanzo cha umeme cha kuaminika kabla haijawa kipimajoto cha kuaminika.

Sasa tuingie ndani ya waya. Metali ina elektroni zinazoweza kutembea. Upande mmoja wa waya ukipata moto na mwingine ukibaki baridi, elektroni za upande wa moto zina nguvu zaidi, na mizani ya utembeaji wao inavurugika. Zinahama kidogo, zinarundikana upande mmoja, na mrundikano huo unajenga volti inayozuia nyingine zisizidi kuhama. Kila metali ina kiasi chake cha volti kwa kila nyuzi 1 ya tofauti, na zipo ambazo mwelekeo wake ni kinyume cha nyingine. Ukirudisha mzunguko kwa waya wa metali ileile, volti ya kwenda na ya kurudi zinalingana na kufutana, usipate kitu. Ndiyo sababu ya kutaka metali mbili: unachosoma ni tofauti kati ya volti ya waya mmoja na volti ya waya wa pili.

Fikirieni mtu anayepanda mlima. Kimo alichopanda hakitegemei kama njia ilikuwa fupi na kali au ndefu na ya taratibu. Kinategemea alikoanzia na alikoishia. Akipita tambarare, hata iwe ndefu namna gani, hapandi chochote. Waya wa themokapo uko hivyo. Kipande kilichomo ndani kabisa ya tanuru, penye nyuzi 900 kila upande, ni tambarare: hakuna volti inayozaliwa pale, ingawa ndipo penye moto mkali kuliko kote. Kipande kinachopita kwenye ukuta wa tanuru, ambako halijoto inaporomoka kutoka nyuzi 900 hadi nyuzi 60 ndani ya sentimita chache, ndicho chenye mteremko, na karibu volti yote inatoka hapo. Hata ukipasha moto katikati ya waya kwa taa ya gesi, kisomaji hakitatikisika, kwa kuwa waya umepanda upande mmoja wa ule moto na kushuka kimo kilekile upande wa pili.

Ncha nayo, ikiwa yote iko kwenye halijoto moja, ni tambarare. Kwa hiyo unaweza kuichomelea, kuilehemu kwa fedha, hata kuibana kwa skrubu, na kipimo hakitabadilika. Metali ya tatu ikiingia katikati haina madhara, ilimradi mwanzo wake na mwisho wake viko kwenye halijoto ileile. Mafundi wengi hupoteza muda mwingi wakihangaikia uzuri wa nukta ya kuchomelea. Iwe imara, ishike, isikatike kwa mtetemo. Zaidi ya hapo haidai kitu.

Lakini mfano wa mlima una sharti, na sharti hilo ndilo roho ya mazungumzo yangu. Kufutana huku kunatokea tu kama waya ni uleule mwanzo hadi mwisho: mchanganyiko uleule wa metali, hali ileile. Waya ukiwa umebadilika sehemu fulani, na sehemu hiyo ikakaa kwenye mteremko wa joto, hesabu yote inaharibika, na hakuna taa itakayowaka kukuambia.

Tuzungumze kwa namba, na nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi. Themokapo inayotumika kuliko zote viwandani ni aina K. Waya wake chanya ni kromeli, yaani nikeli yenye kromi asilimia 10 hivi. Waya hasi ni alumeli, nikeli yenye alumini, manganizi na silikoni kidogo. Kwa kila nyuzi 1 inatoa mikrovolti 41 hivi, na mikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti. Betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 ina volti kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara 36,000. Kwa hiyo tunapodai kusoma nyuzi 1 sawasawa, tunadai kutambua kiasi cha umeme ambacho kebo ya mota iliyopita jirani inaweza kukizalisha bila kukusudia. Nyaya zisokotwe pamoja, zipitishwe mbali na nyaya za nguvu, na kinga ya kebo iunganishwe na ardhi upande mmoja tu. Hili nalipita haraka kwa sababu mnalijua.

Ambalo halijulikani vya kutosha ni upande wa baridi. Tanuru lina nyuzi 800, na pale nyaya za themokapo zinapoingia kwenye kisomaji pana nyuzi 25. Jedwali la aina K linasema nyuzi 800 ni milivolti, yaani sehemu za elfu za volti, 33.275, na majedwali yote haya yanachukulia kwamba upande wa pili uko kwenye nyuzi 0. Wa kwetu uko kwenye 25, ambazo ni milivolti 1.000. Kisomaji kitapokea milivolti 32.275 tu. Ukiisoma namba hiyo kwenye jedwali bila kufikiri utapata nyuzi 776 hivi, na zile nyingine zimepotea. Zamani upande wa baridi ulitumbukizwa kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji safi, na mpaka leo maabara makini hufanya hivyo. Kwenye kisomaji cha kawaida kuna kihisi kidogo karibu na skrubu za kufungia nyaya. Kinapima halijoto ya pale, na kisomaji kinaongeza milivolti zilizopungua.

Tazameni maana yake. Ndani ya kila kisomaji cha themokapo kuna kipimajoto cha pili, na kosa la kile cha pili linaingia moja kwa moja kwenye namba unayoandika. Kisomaji kikikaa juu ya transfoma, au feni ikipuliza upande mmoja wa skrubu, kihisi kitakuwa na halijoto moja na skrubu zitakuwa na nyingine. Utalilaumu tanuru na tatizo liko kwenye paneli. Nimeona mafundi wakibadilisha themokapo nzima, ile ghali ya platini, na namba isisogee, mpaka mtu akafikiria kufunga mlango wa paneli.

Jambo jingine la upande huu: kinachoongezwa ni milivolti, na anayeongeza nyuzi anakosea. Kwa aina K kosa ni dogo kwa kuwa mstari wake unakaribia kunyooka. Kwa aina S, yenye platini upande mmoja na platini yenye rodiamu asilimia 10 upande wa pili, volti kwa kila nyuzi 1 karibu na nyuzi 1000 ni karibu mara mbili ya ile ya halijoto ya chumba. Zile nyuzi 25 za chumba ni milivolti 0.143, ambazo kule juu zina thamani ya nyuzi 12 tu na kidogo. Ukijumlisha 25, umelipa tanuru nyuzi 12 hivi ambazo halina. Aina B, ambayo nyaya zake zote mbili ni za platini na rodiamu kwa viwango tofauti, inatoa volti karibu sifuri chini ya nyuzi 50, kwa hiyo upande wake wa baridi hauhitaji kuongezewa chochote. Lakini kwa sababu hiyohiyo haifai kabisa kupimia joto la chumba.

Kutoka kwenye tanuru hadi kwenye chumba cha kuongozea mitambo panaweza kuwa na mita mia. Hakuna anayevuta platini umbali huo. Tunatumia kebo ya kurefushia, iliyotengenezwa kwa metali zenye tabia ya volti inayolingana na themokapo yenyewe katika halijoto za kawaida. Mtu anayejua kwamba volti inazaliwa njiani anaelewa papo hapo kwa nini kebo ile haiwezi kuwa ya shaba tupu. Kichwa cha themokapo, pale kwenye ukuta wa tanuru, kina nyuzi 60. Chumba kina 25. Baina yao kuna mteremko wa nyuzi 35, na ukiweka shaba kwenda na kurudi, mteremko huo hautoi kitu. Kipimo kitasoma pungufu kwa nyuzi 35, kila siku, na kitayumba kadiri kichwa kinavyopata jua au kivuli.

Baya zaidi ni kebo iliyogeuzwa. Chukueni mfano uleule wa tanuru la nyuzi 800. Fundi amefunga kebo ya kurefushia kinyume pale kwenye kichwa cha themokapo. Anawasha tanuru, na namba inashuka badala ya kupanda. Anaenda kwenye paneli, anageuza nyaya mbili pale, namba inaanza kupanda, anaridhika. Sasa kebo imegeuzwa mara mbili. Themokapo yenyewe iko sawa na kisomaji, lakini ule mteremko wa nyuzi 35 kwenye kebo, badala ya kuongezwa, unatolewa. Kosa ni mara mbili ya 35, yaani nyuzi 70. Kisomaji kinaonyesha 730 hivi. Namba inapanda tanuru likipanda, inashuka likishuka, na haina dalili yoyote ya ugonjwa. Kidhibiti, yaani chombo kinachoongoza moto kwa kufuata namba hiyo, kitaongeza moto hadi namba ifike 800, na tanuru litakuwa na 870. Nimeliona kosa hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na kila mara lililipiwa kwa vyuma vilivyoharibika.

Rangi za nyaya ndizo zinazoleta mkanganyiko huu. Katika utaratibu wa kimataifa, kebo ya aina K ni ya kijani, na waya hasi ni mweupe. Katika utaratibu wa Marekani waya chanya wa aina K ni wa njano, na hasi ni mwekundu. Naam, mwekundu ni hasi, kwa aina zote za utaratibu huo, na mtu aliyezoea nyekundu ya betri ataufunga upande wa chanya bila kusita. Bebeni sumaku ndogo mfukoni. Alumeli inanasa, kromeli hainasi. Kwa aina J, yenye chuma na konstantani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kinachonasa ni chuma, na chuma ndicho chanya. Sumaku haijali nani alichora rangi gani.

Bado niko njiani kwenye waya, na kuna hatari moja ambayo naiona ni kubwa kuliko zote. Themokapo ikikatika kabisa, vidhibiti vizuri hutambua na kuzima moto. Lakini kihami kikiungua katikati ya njia na nyaya mbili zikagusana hapo, mzunguko haujakatika. Umepata ncha mpya. Kisomaji kitasoma halijoto ya pale zilipogusana, tuseme nyuzi 200 nje ya ukuta, na kidhibiti, kwa uaminifu wake wote, kitaongeza moto bila kikomo kwa kuwa kinaambiwa tanuru ni baridi. Kwa hiyo tanuru lolote linaloweza kuua mtu au kuungua lenyewe liwe na themokapo ya pili, iliyopita njia yake yenyewe, iliyofungwa kwenye chombo cha kuzima ambacho hakitegemei kidhibiti cha kwanza. Msikubali kubembelezwa juu ya hili na mtu anayetafuta kupunguza gharama.

Sasa nije kwenye waya uliozeeka. Kromeli ikikaa kwenye nyuzi 800 hadi 1000 mahali penye oksijeni haba, kwa mfano ndani ya bomba refu jembamba lisilopitisha hewa, kromi yake inaungana na oksijeni hiyo kidogo kabla ya nikeli. Waya unapata rangi ya kijani, unaanza kunaswa na sumaku, na volti yake inashuka. Kipimo kinasoma pungufu kwa makumi ya nyuzi, na kwa kuwa kinashuka polepole, wiki hadi wiki, hakuna anayeshtuka. Hata bila uozo huo, kromeli iliyokaa muda kati ya nyuzi 250 na 550 hubadilika jinsi atomu zake zinavyojipanga, na volti yake ikasogea kwa nyuzi kadhaa.

Ni hapa ambapo desturi yetu ya kupeleka themokapo maabara kwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo cha kuaminika, inatudanganya. Themokapo ya aina K imekaa mwaka mzima ndani ya tanuru. Sentimita zilizokuwa kwenye ukuta zimebadilika kwa namna moja, sentimita zilizokuwa ndani kwa namna nyingine. Unaichomoa, unaipeleka maabara, wanaitumbukiza kwenye tanuru lao la kugezia, ambalo kina chake ni tofauti. Mteremko wa joto sasa umeangukia kipande kingine cha waya. Maabara watapima kwa uangalifu wote, watakupa cheti safi, na cheti kile kitahusu kipande cha waya ambacho kwenye tanuru lako hakizalishi volti yoyote. Hawajakosea wao. Umewapa chombo ambacho tabia yake inategemea kina kilichoingizwa. Vivyo hivyo, ukiwa na themokapo ya zamani na ukaivuta nje sentimita 10 ili kusafisha, kisha ukairudisha kina tofauti, usishangae namba ikiruka ingawa tanuru halijabadilika.

Historia ya kipimo hiki imepita njia hiyohiyo. Katikati ya karne ya 19 Victor Regnault, mpimaji mashuhuri wa Ufaransa, alijaribu themokapo za chuma na platini akaona hazikubaliani, akaikataa njia nzima. Waliomfuata wangeweza kuiacha hapo. Henri Le Chatelier, Mfaransa mwenzake, alirudi kwenye suala hilo katika miaka ya 1880 akiwa na waya wa platini na waya wa platini yenye rodiamu, metali ambazo zingeweza kutengenezwa safi na kuvutwa zikiwa sawa kutoka upande hadi upande. Kanuni ya Seebeck ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni usawa wa waya. Mwaka 1927 themokapo hiyo ikakubaliwa kimataifa kuwa ndiyo inayofafanua halijoto kutoka nyuzi 660 hivi hadi kuyeyuka kwa dhahabu. Ilishika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Kipimo cha kimataifa cha mwaka 1990 ndicho kilichoiondoa, kikaikabidhi kazi hiyo kwa waya wa platini unaopimwa ukinzani hadi nyuzi 961.78, ambako fedha huganda, na kwa mwanga wa vitu vyenye moto juu ya hapo. Hata platini bora haikuweza kubaki sawa kabisa kwa urefu wake wote, na wapimaji walishafika mahali ambapo sehemu ya kumi ya nyuzi 1 ilikuwa nyingi mno.

Mahali pa kuweka ncha nako kuna mambo, ingawa hapo nitakuwa mfupi. Themokapo inasoma halijoto ya ncha yake yenyewe, na ncha inaweza isilingane na kile unachotaka kukijua. Ukiingiza bomba la kinga kwa kina kifupi, joto linakimbia kupitia bomba lenyewe kwenda nje, na ncha inabaki chini. Kanuni ya mafundi ni kuingiza angalau mara 10 ya kipenyo cha bomba, na zaidi ya hapo kwenye gesi. Kwenye gesi yenye moto kuna tatizo la pili: ncha inapokea joto kutoka kwa gesi, lakini papo hapo inalitoa kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, kuelekea kuta zilizo baridi kuliko gesi, hivyo inasoma pungufu. Anayetaka gesi yenyewe huifunika ncha kwa bomba la kukinga na kuivuta gesi ipite kwa kasi juu yake. Waya mwembamba unawahi kuitikia, waya mnene unadumu. Huwezi kupata vyote viwili. Kwenye chuma kilichoyeyuka, penye nyuzi 1600 hivi, wenzetu walishakubali kwamba ncha haitadumu: wanachovya themokapo ndogo ya platini iliyofungwa kwenye bomba la karatasi nzito, wanapata namba ndani ya sekunde chache, na ncha wanaitupa.

Kuhusu kuchagua aina, mtanisamehe nisiwasomee orodha yote. Kwa baridi kali, hadi karibu nyuzi 200 chini ya sifuri, na mahali penye unyevu, shaba na konstantani, yaani aina T. Kwa moto wa kati wa viwandani, mimi binafsi ningewashauri mtazame aina N kabla ya kuandika K kwa mazoea. Iliendelezwa Australia katika miaka ya 1970 na Noel Burley na wenzake, makusudi kabisa kuyaondoa maradhi ya K niliyoyataja: nikeli yenye kromi na silikoni upande mmoja, nikeli yenye silikoni na magnesi kidogo upande mwingine. Inastahimili kuliko K kwenye moto wa muda mrefu, na bado viwanda vingi vinaendelea kununua K kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa kwenye michoro ya zamani. Hilo linanisikitisha.

Waya huu pia unafanya kazi pasipo kupima kitu. Kwenye vifaa vingi vya gesi, themokapo iliyokaa ndani ya mwali mdogo inatoa milivolti 20 hadi 30, na umeme huo mdogo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Mwali ukizimika, ncha inapoa, umeme unakwisha, chemchemi inafunga gesi. Hakuna betri ya kuisha. Na vyombo viwili vya anga za juu vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vinapata umeme wake kutoka kwenye joto la plutoniamu linalopita ndani ya themokapo za silikoni na jemaniamu, na wakati wote huo hakuna fundi aliyezigusa. Vipimajoto vingi vya kuelekeza kwenye paji la uso navyo vina ndani yake rundo la themokapo ndogo sana zilizounganishwa mfululizo, zinazopashwa na mnururisho wa ngozi.

Namalizia na kazi mnayoweza kuianza kesho asubuhi. Kwenye kila tanuru lenye kazi nyeti, omba litobolewe tundu la pili, jembamba, kando ya themokapo iliyopo, lenye kina kilekile. Chukua themokapo mpya iliyogezwa, ambayo haijawahi kuingia motoni kwenye kazi, iingize kwenye tundu hilo tanuru likiwa kwenye joto lake la kazi, subiri namba zitulie, kisha andika zote mbili pamoja na tarehe. Ile ya zamani isiguswe, isisogezwe hata sentimita. Tofauti unayoiona ndiyo hali halisi ya waya wako, kwa kina chako, kwenye mteremko wako. Rudia kila mwezi na uchore mstari. Themokapo ya rejea nayo iwe na daftari lake: imeingia wapi, kwa muda gani, kwa joto gani. Ikishazoea tanuru moja, isipelekwe kwenye tanuru lenye kina kingine. Na mstari ukianza kuinama, badilisha themokapo yote, waya na bomba lake la kinga kwa pamoja, msikate ncha na kuichomelea upya kwa kudhani ugonjwa ulikuwa pale.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.